Nafasi Kati ya Mama na Baba

Mtondia,
Kilifi.
17 Agosti 1986

Mpendwa kaka Kamande,

Shikamoo. Kabla ya salamu nyingine, kuna sauti moja ambayo haitaki kunitoka: miguu ya kiti ikiburutwa juu ya saruji ya studio ya Bwana Ishwarlal. Ni Mama, akikivuta kiti chake mwenyewe, akijitenga na Baba, ili akuachie wewe mahali. Naisikia nikifua nguo. Naisikia kanisani watu wakiinuka kuimba.

U hali gani lakini? Kifua kinakusumbua bado wakati wa baridi ya huko Hamburg? Sisi tu wazima wa mwili. Baba anakula, ingawa siku hizi anakula akiwa amesimama mlangoni. Mikorosho imeanza kutoa maua.

Telegramu ya msiba uliipata, kwa sababu haikurudi. Tulikungoja mpaka wazee wakasema haiwezekani tena. Mama tumemzika hapa hapa shambani, nyuma ya jiko. Baba mdogo alikuja kutoka Murang'a akitaka apelekwe nyumbani. Baba akamwuliza, "Nyumbani wapi? Nani huko atakayempalilia kaburi?" Baba mdogo akavua koti, akaomba jembe.

Sasa nikueleze habari ya ile picha, maana sijui kama uliielewa. Unajua kwamba tangu nimalize shule namfanyia kazi Bwana Ishwarlal. Studioni kwake kuna desturi: familia yenye mtu aliye mbali hupangwa ikamwachia nafasi. Yule wa mbali hutuma picha yake, nasi tunaikata kwa wembe, tunaibandika katika nafasi ile, na kuipiga yote upya mpaka mshono usionekane. Wahindi wa mjini wenye watoto Uingereza ndio waliomzoesha kazi hiyo. Sisi watu wa bara tukaiiga.

Siku ile Mama alivaa gauni aliloshona kwa harusi ya binamu yetu Idah. Bwana Ishwarlal akamtania, "Mama, nafasi kubwa hivyo? Hapo anaingia Kamande na mke pia!"

"Basi na aje naye," Mama akasema. "Na kama hana, mwanangu ana mabega. Usimbane."

Mimi nilikuwa nyuma ya kamera, nimeshika taa. Picha ilikuwa ya kukuita wewe, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kunikalisha.

Tukakuandikia usimame na uuelekeze uso upande atakakokuwa Mama. Picha yako ilipofika umevaa koti refu, umependeza, lakini umeelekea upande wa pili. Sijui kama fundi wa huko ndiye aliyekugeuza. Tulipokubandika ukawa unamtazama Baba, na Mama umempa kisogo. Mama aliishika ile picha akauliza, "Nimemkosea nini?"

Bwana Ishwarlal akasema hilo ni jambo dogo, anaweza kukugeuza. Akakupiga kinyume, kama mtu anavyoonekana kwenye kioo, na kweli ukamtazama Mama. Nilikimbia nayo nyumbani. Mama akaisogeza dirishani, akaitazama, akapitisha kidole juu ya jicho lako.

"Huyu nani?"

"Si ni Kamande, Mama!"

"Kovu la Kamande liko jicho la kushoto. Nilimfunga mimi, kwa leso yangu. Huyu wenu, lake liko kulia." Akanirudishia. "Mwandikie apige nyingine. Mwambie anitazame."

Nilikuandikia. Nikakuandikia tena. Mama alikuwa akiniuliza kila nilipotoka posta, halafu ikafika siku akaacha kuniuliza, na nadhani ugonjwa ulianzia hapo, ingawa daktari aliutaja kwa jina lingine.

Picha yenye nafasi tupu ilibaki kwenye droo yangu. Nilikuwa nikiitoa na kuitazama, na kadiri nilivyoitazama ndivyo nilivyoona kwamba mji huu mzima umejaa nafasi kama ile. Nikaazima kamera, nikawa naenda Jumapili kwa watu waliotoka mbali. Nyaboke, anayepika hotelini Bofa, watoto wake wako Kisii kwa bibi yao. Labhuben, mke wa Bwana Ishwarlal, ana binti Leicester. Siwapangi. Nauliza tu nani hayupo, nao wanasogea wenyewe. Nyaboke alisogea mpaka ukingoni mwa kitanda, nusura aanguke, akacheka, "Ni watatu hao, dada, na wanalala vibaya!" Kisha akalia, na mimi nikapiga.

Mwalimu mmoja wa sanaa kutoka Nairobi, Bwana Musembi, aliziona studioni. Anataka kuzionyesha huko, ukutani, na jina langu chini. Ile ya Mama na Baba ndiyo aliyoishika muda mrefu kuliko zote. "Hii usiiguse kamwe," akaniambia. "Hapa palipo patupu ndipo penye picha." Kaka, tangu nizaliwe sijasifiwa hivyo. Nilirudi Mtondia moyo unadunda.

Baba alikuwa ameniomba picha ya Mama ya kutundika, na ya wawili hao pamoja hatuna nyingine. Nikampa ile, nikamweleza maneno ya mwalimu. Akaitazama, akaitazama.

"Hawa ni watu waliokosana," akasema.

"Sivyo, Baba. Ni nafasi ya Kamande."

"Wewe unajua. Mgeni akiingia hapa ataona mume na mke wasiotaka kugusana. Mimi na mamako hatukukaa hivyo hata siku moja. Jaza hapo."

"Nijaze na nani?"

"Na aliyepo," Baba akasema, akatoka kwenda kuwafungia mbuzi.

Bwana Ishwarlal na Labhuben wanakusalimu. Nyaboke, asiyekujua, anakusalimu pia. Baba hakunituma salamu, lakini usiku wa mazishi nilimsikia akikutaja katika sala. Mungu akulinde huko, na akupe mtu wa kukupikia uji ukiugua.

Jumatano nilimwandikia Bwana Musembi kwamba nyingine zote ni zake kuzionyesha, ila ile haipo tena. Alhamisi nilivaa nguo yangu nyeusi, nikasimama mbele ya kamera, uso nimeuelekeza kwa Mama. Nilijikata mwenyewe kwa wembe, nikajibandika. Jana Baba aligonga msumari. Picha yako ile ya koti refu nimeitia katika bahasha hii.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata sasa,

Jedida Thuku