Uzi mwekundu kwenye mguu wa kuku wangu

Jumanne jioni, Ng'ambo. Mawingu yamefunga tangu asubuhi na mvua haishuki. Moyo wangu nao uko hivyohivyo.

Kuku wangu mweusi, yule niliyepewa na mama kule Tura nikaja naye kwenye treni, anachechemea tangu Ijumaa. Siku hiyo alirudi akitokea kwa jirani yangu, Bi Mwajuma, ukucha mmoja umeng'oka, damu inatoka. Bi Mwajuma alikuwa ameanika mpunga. Nikajumlisha mwenyewe: kampiga jiwe. Nikaenda kumwambia hivyo bombani, mbele ya watu.

"Mwanangu, mimi nimpige kuku wako?" Alijitwika ndoo yake akaondoka.

Tangu hapo nampita bila shikamoo.

Leo mguu umevimba. Mume wangu kasema tumchinje tu. Nimekataa. Nimechemsha maji, nikayaacha yapoe yawe vuguvugu, nikatia chumvi, nikamloweka mguu kwenye beseni huku nimemfunika kichwa kwa khanga atulie. Uchafu ulipolainika ndipo nikaona, juu ya vidole, uzi mwekundu umezama ndani ya nyama.

Uzi wangu.

Huku kuku wanachanganyikana, kwa hiyo kila nyumba ina rangi yake. Mimi nyekundu, Bi Mwajuma bluu. Nilimfunga mwenyewe akiwa mdogo, nikakaza sana asije akapotea. Kuku akakua, mimi nikasahau kulegeza. Nadhani mguu ulikufa ganzi, akawa anauburuta, hadi ukucha ukakwama mahali. Nilikuwa na haraka ya kugombana kuliko ya kumtazama kuku wangu mguu.

Nimekata uzi kwa wembe, nikapaka dawa ya zambarau ya vidonda, nikafunga kitambaa safi. Nimemweka peke yake kwenye boksi, maana wenzake wakiona damu watamdonoa. Kidole kimoja ni cheusi na cha baridi. Huenda kikakatika. Nimelia, sitaki kudanganya.

Kabla jua halijazama, kuku wa Bi Mwajuma kaingia uani kwangu kufuata pumba. Uzi wa bluu umembana, mguu umeanza kuvimba. Nikamkamata. Ningeukata kimyakimya, na hakuna ambaye angejua kilichomkuta kuku wangu. Lakini kumwondolea alama kuku wa mtu niliyemsingizia? Ningeitwa mwizi, tena kwa haki. Aibu ikanizidi, nikamwachia arudi kwao.

Kesho asubuhi, kabla Bi Mwajuma hajafungulia kuku wake, nitakuwa mlangoni kwake na wembe na dawa. Halafu tutakwenda wote bombani, nikayafute maneno yangu palepale nilipoyasemea.

Nitaanza na shikamoo niliyomnyima siku nne. Asipoitikia, nitaendelea kusimama hapohapo.