Manjano Hayapakwi Machoni

Jumanne, baada ya isha.

Na bado ananiambia ni singo! Mwanangu Zainabu ana mimba ya miezi saba, macho yake ni manjano, mkojo kama chai ya rangi, na mama wa mumewe kila jioni anamsugua singo ya liwa na manjano, ati mja mzito apendeze.

"Mkwe, hiyo ni rangi ya singo tu. Unaonea wivu uzuri wa mwanao?"

Nikaleta maji na sabuni, nikamwosha Zainabu mkono mbele yake. Singo ikatoka, rangi ikabaki.

"Haya, na machoni ulimpaka nini?"

Akasema haendi mtu hospitali mpaka mume wa Zainabu arudi kutoka Lindi.

Arudi lini? Jirani yetu alianza hivihivi, akaja akapayuka, tukamzika na mtoto wake tumboni. Leo alasiri Zainabu ameniita kwa jina la dada yake, na mimi...

Wala mimi si msafi. Ijumaa nilimwambia, "Umenawiri, mwanangu." Kumbe nilikuwa nausifu ugonjwa.

Njia ya Mitole ya kwendea hospitali usiku ina simba. Tukishaswali alfajiri, kaka zake watambeba kwa machela mpaka Kivinje kwa daktari, ruhusa iwepo isiwepo. Bibi huyo akilala mlangoni, nitamruka.

Nimewaombea dua wote wa nyumba ile, jina la bibi huyo nikaliruka. Ya Rabbi, nitamsamehe siku nitakapoyaona macho ya Zainabu ni meupe.