Shingo ya Kiko cha Tate

Bwera, siku ya soko

Koko wangu, bibi yangu,

Kutoka Kasese mpaka huko kwetu Butembo, hakuna mikono ya kutengeneza kiko kuzidi hii ya mjukuu wako. Wazungu wa Mweya wananitafuta kwa jina! (Sawa, ni mmoja tu, naye alikuwa amepotea njia ya Ibanda.) Magoti yanasemaje? Na kikohozi? Usinidanganye kwamba huvuti tangu niondoke na kiko chako kwenda kukitengeneza. Najua unavuta cha jirani, na bado unamwambia ni kibaya.

Mimi mzima, nimenenepa kwa matoke. Bado niko kwa Mzee Bwambale, yule mchonga viko wa hapa sokoni. Nilipomwonyesha kichwa cha kiko alichokuchongea Tate, babu yetu marehemu, na mrija ulivyozungushiwa kitambaa usichomoke, alicheka.

"Koko yako anavuta tumbaku ao anavuta kitenge?"

"Anavuta vyote, Mzee. Iko na nguvu kukushinda."

Koko, nimeona mambo. Kile cha mzungu kina skrubu: unazungusha mrija, unakaza. Lakini skrubu ikilika, mdomo wa kiko unaangalia pembeni kama mtu aliyegombana na mkewe. Vingine vina pete ya shaba shingoni, mrija unachomoka hata vikiwa vya moto. Ni vigumu kuvunjika, ila ni vizito mdomoni. Halafu kuna ulimi wa Mzee. Lo! Ncha ya mrija anaichonga iwe nyembamba kidogo mbele, anapaka nta, anaiingiza shingoni akizungusha polepole. Hakuna kitambaa, hakuna gundi, na moshi haupati pa kutokea. Mara ya kwanza nilimwomba auchomoe na kuurudisha mara tatu.

Sharti ni moja: usiuchomoe kikiwa na moto, maana mti umevimba na kuubana ule ulimi. "Kiko iko na homa," Mzee husema. "Acha ipoe kwanza."

Ulimi wa kiko chako nilichonga mimi. Mzee aliugeuza, akaupuliza, akasema, "Eeh. Huyu mutoto kumbe iko na mikono." Sikuwa nimewahi kusikia neno hilo kwake.

Nisalimie Mama, na mjomba wa mashine ya kusaga, na Kavira dada yangu anayekusomea barua hii. Kavira, hapa usiruke mstari.

Koko, sifa zilinipanda. Nilikijaza kiko chako tumbaku, nikavuta mbele ya wateja, nikataka waone ulimi niliochonga. Kilikuwa bado cha moto. Nikazungusha mrija. Shingo ikalia tak.

Mzee hakunitukana hata kidogo. Alichukua pete ya shaba, akaifunga palipopasuka. Nakituma pamoja na barua hii. Moshi hauvuji, nimejaribu. Lakini pale unapozoea kuweka kidole gumba, utagusa shaba, si mti wa Tate.

Ni mimi, Mbusa, mwenye mikono.