Kwa Menna Pugh, Mwenye Jumanne

Mwaka unatimia, Bibi Menna, tangu Jumatatu ile ya Aprili ulipoketi kwenye kiti cha jikoni na mabuti yako miguuni, ukiwa umeshakata mboga za liki za supu ya kesho yake, ukasema unapumzika kidogo. Bado tunakusubiri uinuke.

Tunakuandikia sisi wa nyumbani kwako. Kijiji kizima kitasoma pia, kwa kuwa hapa Nantfelen hakuna barua ya mtu mmoja.

Kwanza tuseme ukweli ambao hatukuthubutu kuusema ukiwa hai. Supu yako ilikuwa mbaya. Ilikuwa na chumvi ya kumhifadhi kondoo mzima mpaka Krismasi. Tuliinywa miaka tisa, tukashukuru, tukaomba ya pili, kwa sababu ulisimama pale pale na mwiko mkononi. Leo tungeuza nyumba tupate bakuli moja.

Wewe ndiye uliyetuokolea baa ya Korongo. Wenyewe walipotaka kuiuza igeuzwe nyumba ya likizo ya watu wa mjini, kijiji kilikuwa kimeshapoteza shule na duka. Ulipita mlango kwa mlango katika mvua, daftari la hisa umelificha ndani ya koti. Hata mchungaji wa kanisa, ambaye hapendi kuonekana penye bia, alichukua hisa, akaiandikisha kwa jina la mbwa wake. Mbwa huyo hajawahi kukosa mkutano. Tukawa wenye baa mia moja na arobaini, kila mmoja kura moja, awe na hisa moja au ishirini. Ndiyo maana mkutano wa kuchagua rangi ya milango ya choo ulichukua saa nne na bado ni ya kijivu.

Kazi tuligawana kwa zamu. Karibu na mlango wa jiko pana ubao mweusi wenye siku saba, na kila Jumapili jioni Mama Eirlys, mwenyekiti wa kamati, huufuta, watu wakaandika majina yao upya kwa chaki. Jumanne ilikuwa yako. Kamati ilisema Jumanne mchana hakuna wateja, tufunge.

"Wapo watatu," ukasema. "Watatu si watu?"

Ukaandika jina lako. Tangu hapo hukungoja lifutwe. Kila Jumapili ulilipitia tu kwa chaki mpya.

Watatu wenyewe walikuwa Tudur, Beti na Gwilym, wafugaji wa kondoo wa kule juu, wote wamefiwa na wenzi wao, watu wanaoweza kumaliza wiki nzima bila kusema na kiumbe asiye na mkia. Kwao Korongo ya Jumanne ilikuwa posta, maktaba na zahanati. Nesi aliwapima presha chini ya ubao wa vishale. Dawa zao zilikaa nyuma ya kaunta, nawe uliwagawia kwa sauti iliyomjulisha kila mtu nani ana shida ya tumbo. Uliwaita wote "kijana," Beti akiwemo, hata Gwilym wa miaka themanini na nane. Hukumpa mtu bia kabla hajala. Kwenye dhumna uliiba, wakajua unaiba, nawe ukajua kwamba wanajua.

Na mtu fulani wa familia hii, ambaye mpaka leo hajajulikana wala asingependa kujulikana, alipomfungia kondoo dume katika choo cha wanawake, hukupiga kelele. Ulimtoa, ukamwekea maji kwenye bakuli, ukamwambia Mama Eirlys, "Mwandikishe uanachama. Huyu anasikiliza kuliko nusu ya kamati."

Tulikuzika Jumamosi. Jumapili jioni Mama Eirlys alishika kitambaa, akafuta siku sita. Ya saba akaizunguka, kama mtu anayepiga deki kumzunguka paka aliyelala. Wiki iliyofuata vivyo hivyo. Jina lako likabaki pale, na siku yenye jina haichukuliwi na mtu mwingine. Hiyo ndiyo sheria tuliyojiwekea. Basi Jumanne mlango haukufunguliwa. Tukabandika karatasi: *Leo tumefunga kwa heshima ya Menna.* Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze.

Aliyelishikilia jina lile kuliko wote ni mumeo Ieuan. Miaka arobaini na sita ya ndoa, na hukuwahi kumwandikia barua. Mlilala kitanda kimoja, barua ya nini? Kwa hiyo maandishi yako aliyobaki nayo ni yale ya ubaoni. Kila siku alikwenda Korongo, akajifanya anasoma zamu, akalitazama. Jumanne tu ndiyo hakwenda. Jumanne alipita barabara ya juu, asiuone mlango uliofungwa.

Mwezi wa Januari Mama Eirlys alikuja na hoja ya mkutano mkuu: siku hiyo iitwe Jumanne ya Menna, baa ifungwe kila Jumanne daima, na bango la shaba liwekwe mlangoni. Ieuan aliunga mkono kwa saini yake. Alilia akiiweka. Sisi wengine tulisema ni wazo zuri sana. Tunakuomba radhi.

Februari upepo uliangusha mti, barabara ya juu ikazibwa, na Ieuan akalazimika kupita Korongo siku ya Jumanne, saa saba mchana. Uani aliikuta pikapu ya Tudur, vioo vimejaa ukungu. Tudur alikuwa ndani, anakula mkate na jibini, chupa ya chai mapajani. Ieuan akagonga kioo.

"Tudur, hapa pamefungwa."

"Najua kusoma, Ieuan."

"Sasa unafanya nini?"

"Nakula. Kwani leo si Jumanne?"

"Unakuja hapa kila Jumanne?"

"Tangu tumzike. Mwanzoni tulikuwa sote watatu, kila mtu na gari lake. Tulikuwa tunapungiana mikono."

"Mnapungiana mikono."

"Ulitaka tukae gari la Beti? Lina mbwa wawili na gunia la mbolea."

Ieuan alishika mlango wa pikapu. "Kwa nini hamkusema?"

"Tuseme nini, bwana? Tukuendee mfiwa tukwambie, futa jina la mkeo tupate supu? Na supu yenyewe ile?"

"Ilikuwa mbaya," Ieuan akasema.

"Mbaya mno, ndugu yangu."

Wakacheka kidogo. Kisha Ieuan akauliza Tudur alibakije peke yake.

"Beti baridi ilimshinda. Gwilym, ile Jumanne ya Desemba sikumwona, nikasema naye baridi imemshinda." Tudur alifunika chupa ya chai, akaifunua, akaifunika tena. "Menna angekuwepo, ikigonga saa saba hujafika, anakupigia simu. Anakutukana kwanza, ndipo anauliza kama u mzima."

"Gwilym alikutwa Ijumaa," Ieuan akasema.

"Ijumaa. Na mleta barua. Ameanguka Jumatatu, daktari alisema. Jumatano alikuwa bado anapumua." Tudur alikuwa akitazama mahali ambapo gari la Gwilym lilizoea kusimama. "Mimi nilikuwa hapa, Ieuan. Nilikuwa hapa nakula jibini."

Ieuan aliingia upande wa pili wa pikapu, akafunga mlango, wakakaa. Hatujui walikaa kwa muda gani. Tunajua alirudi nyumbani kumeshaanza giza, akaketi kwenye kiti chako cha jikoni, ambacho hakuna aliyekikalia tangu Aprili, wala hakuvua koti.

Mkutano mkuu ulikuwa Machi. Mama Eirlys alisoma hoja ya bango kwa sauti ya kanisani. Ieuan akasimama.

"Mwenyekiti, jina langu naliondoa hapo."

"Uliunga mkono mwenyewe, Mzee Ieuan."

"Niliunga mkono nikiwa mjinga. Menna hakuufunga mlango huu Jumanne hata moja. Alikuja na homa. Alikuja kwenye theluji juu ya trekta. Mkiandika jina lake kwenye mlango uliofungwa, mnamsingizia."

Mama Eirlys alivua miwani. "Mimi nilidhani tunamheshimu."

"Hata mimi, mama. Ila aliyeilipia heshima yetu ni Gwilym."

Mama Eirlys aliikunja karatasi ya hoja, akauliza, polepole, "Haya. Jumanne ataishika nani?"

"Mimi."

"Wewe?" Tudur akasema kutoka nyuma. "Wewe yai tu linakushinda kuchemsha."

"Na yeye alijua kupika?"

Watu walicheka, na kicheko kikakatika njiani. Mikono yote ikapanda. Mchungaji alimwinua mbwa mguu.

Kisha ikabaki kazi moja. Mama Eirlys alimpelekea Ieuan kitambaa, Ieuan akasimama mbele ya ubao, na watu wote wakageukia dirishani, kama vile nje pana kitu cha kutazama. Sisi hatukugeuka. Tulidhani jina lako litagoma, Bibi. Chaki ya miaka tisa, moja juu ya nyingine. Lilitoka kwa mpanguso mmoja, kama lililoandikwa asubuhi ile. Ieuan akabaki na kitambaa mkononi, hajui akiweke wapi. Binti yako Lowri ndiye aliyempa chaki.

Sasa Jumanne Korongo iko wazi. Beti amerudi, na mbwa wote wawili. Wamekuja na wengine watano ambao hatukujua kabisa kwamba wanakula peke yao, mmoja wao anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Saa saba Ieuan hupiga simu kwa asiyefika. Kutukana bado hajui, anaanza kwa kuomba samahani, na watu wanadhani ana msiba mpya. Supu yake haina chumvi hata chembe. Tudur anasema ninyi wawili mngepika sufuria moja, kijiji kingekula vizuri miaka yote hiyo.

Tungependa kukuandikia kwamba tunaendelea vizuri. Hatuendelei vizuri. Ieuan hufungua mlango saa nne na nusu asubuhi, na kila Jumanne, anatuambia, hushtuka kukuta ndani ni giza. Miaka tisa alikuwa akifika nyuma yako, taa zimewaka na moto umeshika. Husimama kizingitini mpaka macho yazoee, ndipo anaingia.

Mwaka jana tarehe yako ilikuwa Jumatatu. Mwaka huu inaangukia Jumanne. Kwa hiyo ndugu, jamaa na marafiki wanaarifiwa kwamba hakutakuwa na ibada ya mchana kaburini, kwa sababu mume wa marehemu atakuwa kazini. Atakuja saa kumi, akishaosha sufuria. Sisi tutamtangulia, tukae nawe, ili angalau siku moja afike mahali akukute una watu.

Unakumbukwa na mumeo Ieuan, watoto wako Lowri na Gerallt, mkweo Non, wajukuu zako Mabli na Deio, mmoja wao akiwa anaomba radhi kwa habari ya kondoo, Mama Eirlys na kamati nzima, Tudur na Beti, na wenye Korongo wote, mia moja na thelathini na wanane tuliobaki.

Tutakukumbuka siku zote, Bibi, hata zile sita ambazo hazikuwa zako.