Unyayo Wenye Namba Arobaini na Saba

Jumamosi, 2 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naahidi kwamba katika barua hii nitakueleza kila kitu, hata lile ambalo mjomba amesema nisikuandikie. U hali gani? Kile kikohozi cha harufu ya rangi ya kiwandani kimepungua? Sisi huku ni wazima. Mtoto wa mjomba ametimiza miaka miwili na bado tunamwita Msumeno, maana hakuna kitu dukani ambacho meno yake hayajakipitia.

Kazi yangu ya kuhakiki midoli inaendelea. Kila Jumamosi mjomba hunipa mmoja kutoka kwenye katoni mpya, nami naujaribu. Nauangusha kutoka kaunta mara kumi, navuta kila kiungo mara ishirini, naulowesha kwenye ndoo mpaka saa sita mchana, mwisho nampa Msumeno nikiwa nimekaa naye. Kisha naandika kadi na kuibandika kwenye rafu. Wateja wanazisoma, mama! Juzi mama mmoja alimwambia mjomba, "Nipe kile alichokisifia binti, siyo hicho unachokisifia wewe." Mjomba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Asiyependa kazi yangu ni Mzee Usifungue. Ni mpimaji ardhi mstaafu, anakusanya midoli ya mashujaa, anao sitini nyumbani kwake na hakuna hata mmoja aliyewahi kutoka kwenye boksi lake. Akiniona na mkasi tu anapaza sauti: "Usifungue! Ukishafungua umeua!"

Sasa lile lenyewe. Jumamosi iliyopita nilimhakiki Shujaa Mwekundu, yule mwenye ngao. Kuanguka alifaulu. Nilipovuta, mkono wa kulia ulitoka mara ya sita. Nikageuka kuandika, na kwa dakika hiyo moja Msumeno akautia mkono ule mdomoni. Hakulia, mama. Hakutoa sauti yoyote. Mjomba alimpindua kichwa chini miguu juu akampiga mgongoni mpaka ukamtoka. Sasa yuko salama na anakula kama zamani. Kosa la kumgeuzia mgongo ni langu na nimelikubali mbele ya mjomba.

Lakini kadi nimeiandika: "Shujaa Mwekundu. Sura nzuri, rangi haitoki. Mkono unatoka mara ya sita, na unatosha kuziba koo la mtoto. Usinunue."

Kabla ya kuandika nilitazama unyayo wa kushoto, pale uliponiambia kila muungaji wa kiwandani kwenu hugonga namba yake. Tangu ulipoondoka huwa natazama mguu kabla ya uso. Ni arobaini na saba, mama. Kadi nimeiandika hivyo hivyo.

Mwanao,
Mkaguzi


Ijumaa, 15 Machi

Mwanangu Mkaguzi,

Marahaba. Nashukuru mko wazima, na zaidi namshukuru Mungu kwa ajili ya yule mtoto. Mwambie mjomba wako amfungie Msumeno mdomo kwa kamba ikibidi. Kikohozi kinakuja na kuondoka kama mgeni asiye na haya.

Nami nakueleza kila kitu. Wakala anayewaletea bidhaa aliipiga picha kadi yako, akamchukua na yule shujaa mbovu, akavileta mpaka hapa kiwandani. Msimamizi alinisimamisha kando ya mkanda unaopitisha midoli, mbele ya wenzangu, akaugeuza unyayo na kuusogeza machoni kama anayetafuta mwiba. "Arobaini na saba ni nani?" Kana kwamba hanijui! Miaka sita sasa ananiita kwa namba hiyo, jina langu sidhani kama analijua. Halafu akaisoma kadi yako kwa sauti na kuuliza ni mwehu gani kaiandika. Namba thelathini na moja, rafiki yangu anayekaa kulia kwangu, anajua ni wewe kwa sababu barua zako zote namsomea. Aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Sasa nisikilize. Itoe hiyo kadi. Andika nyingine useme ulivuta kwa nguvu kupita kiasi. Wewe ni mtoto, hakuna atakayekulaumu. Sare ya shule unayovaa imetoka kwenye mabega ya hao mashujaa, bega moja baada ya jingine. Usinifanye nirudi nyumbani mikono mitupu kwa ajili ya kipande cha karatasi.

Msalimie kaka yangu.

Akupendaye,
Mama yako


Jumamosi, 23 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi ni nafuu. Mjomba anakusalimu. Msumeno ameota jino jingine.

Kadi sikuitoa. Ilikuwa imebandikwa kwa seloteipu, sasa nimeipigilia misumari minne.

Sikuvuta kwa nguvu kupita kiasi. Nilivuta kama ninavyovuta siku zote, kwa vidole viwili, huku nikihesabu kwa sauti. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ukikosea unasema umekosea, na kama hukukosea husemi. Nilipovunja kioo cha jirani ulinishika mkono ukanipeleka mwenyewe mlangoni kwake. Nilikuwa na miaka saba, lakini nilisema. Sasa unaniambia niseme nilifanya jambo ambalo sikulifanya, eti kwa sababu mimi ni mtoto. Mama, aliyekaribia kufa naye ni mtoto.

Wakala amemwambia mjomba kwamba kadi isipotoka hatamletea bidhaa tena. Mjomba akamjibu, "Basi nitauza ndoo." Mpaka sasa ni mzaha tu, lakini rafu ya chini kweli ina ndoo.

Nakuomba jambo moja. Kama mkono ule uliuunga vibaya, niambie uliuunga vibaya. Nitaendelea kukupenda na kadi itaendelea kukaa pale pale. Kama siyo, niambie ilikuwaje.

Mwanao yule yule,
Mkaguzi


Ijumaa, 19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe kwa kimya hiki. Barua yako iliwahi kufika. Niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro, nikailalia wiki tatu kama mtu anayelalia jiwe.

Sikuuunga vibaya. Niliuunga kama nilivyoambiwa niuunge. Zamani kila bega lilikuwa na pini ya chuma iliyopita katikati. Mwaka jana pini ikaondolewa, ikabaki gundi peke yake. Gundi ile inataka saa nzima kukauka, nasi tunapewa dakika nane kabla mkanda haujampeleka shujaa kwenye boksi. Siku ile ya kwanza nilinyoosha mkono nikauliza. Msimamizi akasema, "Wewe kazi yako ni kuunga au kufikiri?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Sikukasirishwa na kadi yako, mwanangu. Kinachoniuma ni kicheko kile. Na nilipokuambia useme ulivuta kwa nguvu, nilikuwa nakufundisha wewe nawe ucheke nao.

Msimamizi ameniandalia karatasi. Imeandikwa kwamba mikono inatoka kwa uzembe wa namba arobaini na saba. Nikisaini, nahamishiwa kufunga maboksi na maneno yanaisha. Nisiposaini, nafungasha virago. Nimepewa mpaka tarehe thelathini. Thelathini na moja ananiambia nisaini, huku analia.

Nadhani nitasaini. Usinijibu kwa hasira. Nimechoka, na kalamu ni nyepesi kuliko sanduku la kurudi nalo nyumbani.

Wewe soma kwa bidii.

Mama yako


Jumatano, 24 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naahidi tena kukueleza kila kitu, ila leo sitauliza habari za kikohozi kwa sababu muda ni mfupi. Barua yako ilifika jana jioni. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mbele ya mjomba.

Leo baada ya shule nilimwomba anipe katoni nzima ya Shujaa Mwekundu, wote kumi na wawili. Alinung'unika, akaniuliza kama nataka na duka lenyewe, kisha akaleta mkasi kwa mkono wake. Tuliwafungua juu ya kaunta. Namba za nyayo zilikuwa arobaini na saba, thelathini na moja, nane, kumi na tisa, na nyingine nimekuandikia kwenye karatasi ya pembeni. Nilivuta kwa vidole viwili, mjomba akihesabu. Mikono kumi na mmoja ilitoka kabla ya mara ya kumi. Mmoja ulitoka wenyewe, nikiwa bado namtoa kwenye boksi. Kama huo ni uzembe wa arobaini na saba, mama, basi una mikono mirefu sana.

Mzee Usifungue aliingia wakati ule ule. Alipoona maboksi kumi na mawili yaliyochanwa, alishika mlango. "Mauaji!" akasema. "Mauaji ya halaiki!" Nikampa barua yako aisome, kwa sababu nilishindwa kueleza. Aliisoma akiwa amesimama, akairudisha, akaondoka bila kuaga. Mjomba akasema, "Basi, tumempoteza na huyo."

Baada ya nusu saa akarudi na Shujaa Mwekundu wake, aliyemnunua miaka minne iliyopita, boksi halina hata mkwaruzo. Alikuwa amelifunga ndani ya taulo. Alilaza boksi juu ya kaunta, akaomba wembe.

Nilimwambia, "Mzee, ukifungua halitakuwa na thamani tena."

"Thamani ya boksi ndiyo itakayokwisha," akasema. "Wewe shika hapo, usitikise."

Akakata polepole, akifuata ukingo. Boksi lilipofunguka aliinama akanusa ndani, akasema hiyo ni hewa ya miaka minne, tusiivute yote peke yetu. Mjomba alitaka kucheka akajizuia. Tukageuza mguu wa kushoto. Mama, ni wewe! Arobaini na saba, umegonga katikati kabisa ya kisigino, wala namba haikwenda upande. Nilivuta mkono mara ishirini. Nikavuta mara hamsini. Mjomba akavuta, na Msumeno akapewa, tukiwa tumemzunguka watu wazima wawili na mimi, akatafuna mpaka akakasirika akamtupa. Mkono haukutoka. Mzee akamwokota, akamfuta mate kwa taulo, akasema, "Huyu mama anajua kuunga."

Ndani ya mzigo huu kuna mikono kumi na miwili, kila mmoja umefungwa na mguu wake wenye namba. Kuna shujaa wa Mzee, mzima, na pini yake inaonekana ukimweka juani. Kuna karatasi ya majaribio waliyosaini mjomba na Mzee, kila mmoja na anwani yake. Na kuna kadi yangu, na misumari yake minne. Nimeandika nyingine kubwa zaidi ikae rafuni, na hii ina habari ya pini. Mzee anawaandikia barua wakusanyaji wenzake, na anasema wastaafu wale hawana kazi nyingine, watawafungua mashujaa wao wote.

Viweke vyote juu ya mkanda, mbele ya watu, mweke na thelathini na moja kando yako. Msimamizi akikuuliza tena kama kazi yako ni kuunga au kufikiri, mwonyeshe shujaa wa Mzee. Akiuliza mwehu aliyeandika ni nani, mwambie ni mwanao. Sasa anaweza kujua.

Kwa wiki nyingi nilidhani umekosea na hutaki kusema. Kwa hilo naomba radhi, mama, kwa moyo wote. Kwa kadi siombi.

Ukirudi na sanduku, mjomba amesema kuna nafasi kwenye kaunta, na mimi nahitaji mtu wa kunifundisha namna pini inavyopita begani. Sare hii bado inanitosha.

Dereva wa basi la mizigo ameahidi kukukabidhi mzigo mkononi keshokutwa asubuhi, na atakungoja pale getini mpaka umwandikie jibu, hata kama ni neno moja. Kwa hiyo niandikie hapo hapo, kwenye mgongo wa kadi yangu: umesaini?

Mwanao,
Mkaguzi