Kiti cha Dada

Bwana, hebu sikia haya.

Shemeji alikuja kuchukua kile kigari cha pembeni ya pikipiki, nilichomtengenezea dada baada ya kukatwa mguu. Bati lote nililigonga kwa nyundo kufuata kiuno chake.

Akakizunguka, akasema, "Kiti kipanue, shemeji."

Nikamuuliza, dada amenenepa?

"Si cha dada yako tena. Mke mpya ana mwili."

Mke mpya. Ananiambia mimi, kaka mtu, huku anacheka. "Yule wako aende wapi na mguu mmoja?"

Nikamfukuza.

Sasa nimemfikishia dada kigari chake. Ameingia, kimemkaa kama nguo ya kushonewa. Anatabasamu, ananiuliza kwa nini mumewe hakukileta mwenyewe.