Mboga Isiyo na Chumvi

Jumatatu, 3 Machi 2014
Palizi ya kahawa tangu asubuhi. Nimerudi na njaa, mboga haina chumvi tena. Mke wangu kakatazwa na daktari kwa sababu ya figo, basi na mimi nimefungwa jela hiyohiyo. Nimenung'unika. Kanisukumia kikopo: "Weka yako, baba Neema. Wewe huumwi." Yeye mzaliwa wa Ivuna, kwao wanachemsha maji ya chemchemi wapate chumvi.

Nimeweka. Nyingi.

Alhamisi, 6 Machi
Mbeya, kwa daktari. Figo zimekwisha. Ipo mashine ya kusafisha damu, lakini Dar, mara tatu kila wiki mpaka mwisho wa maisha. Kwa umri wake, kasema, huenda ikamwongezea siku, huenda ikamchosha tu. Tuamue wenyewe. Alinitazama mimi, hakumtazama mgonjwa. Nikajibu ataanza.

Jumapili, 9 Machi
Amoni, mtoto wetu wa Tunduma, kaja na pikipiki. Neema kwenye simu kutoka Dar: mama atakaa kwake. Nyumba yake ndogo, mimi nibaki Itaka na kahawa. Tumepanga kila kitu sebuleni. Mwenyewe alikuwa jikoni anatuchemshia chai. Hakuna aliyemwita.

Jumanne, 11 Machi
Akienda, nabaki peke yangu. Asipokwenda, nabaki peke yangu. Naogopa.

Jumatano, 12 Machi
Nimemuuliza. Alikuwa anachambua maharage.

"Mmeshanipeleka Dar, ndiyo mnaniuliza?"

Nikaokota harage lililodondoka.

"Siendi. Nataka kulala kwangu."

Nimekasirika. Nimekaa stoo ya kahawa mpaka giza, kama mtoto aliyesusa. Nilitaka aende apone. Nilitaka abaki. Halafu nikampigia Neema kumwambia mama yake kakataa. Kalia sana. Nimeshika simu tu.

Ijumaa, 16 Mei
Kahawa zimeanza kuiva. Miguu yake imevimba, hatoki tena nje. Nimemletea kiganja kimoja cha nyekundu, kazishika mchana kutwa.

Siku hizi siweki chumvi. Kaona. Kanipunguzia ugali wake.

Jumapili, 15 Juni
Matanga yameisha. Amoni karudi Tunduma, Neema kapanda basi jana. Nyumba kubwa mno.

Nimepika mboga mwenyewe. Nimefika nusu ya sahani ndipo nikakiona kikopo cha chumvi, palepale alipokiweka. Nimemaliza kula hivyohivyo. Kesho nachuma upande wa bondeni.